Mwega wa Nje

Neno hilo nilikutana nalo kwenye daftari la miti, nikalipenda kabla sijalielewa. Ndiyo tabia yangu. Hata watu nimewapenda hivyo hivyo, na hasara yake naijua.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Nilikuwa karani wa misitu kule delta, kwenye kituo kidogo upande wa Kiongoroni, ambako wakataji wa mikoko walishusha nguzo na pau ili zipimwe na kugongwa muhuri kabla ya kupakiwa kwenda Nyamisati na kwingineko. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha mabati, kimesimamishwa juu ya miti ili maji yakijaa yapite chini yake. Mbele palikuwa na meza, nyuma kitanda, katikati pazia. Nikimaliza kazi nilipita upande wa pili wa pazia, nikawa nimefika nyumbani.

Bwana Misitu, mkubwa wangu Mzungu, alikuja mara moja kwa mwezi, akalala siku mbili, akaondoka. Wakataji walikuwa na kambi yao ng'ambo ya mkono wa mto. Walinisalimu vizuri, shikamoo na marahaba zao hazikupungua, lakini mimi ndiye niliyeshika utepe wa kupimia, na mtu anayepima jasho lako humkaribishi kula nawe kila siku. Vicheko vyao nilivisikia kutoka ng'ambo. Nilikuwa mpweke, na nalisema wazi kwa sababu wakati ule sikulisema kwa mtu yeyote.

Daftari lilikuwa na safu nne. Ya kwanza jina la mti, ya pili unene wake, ya tatu kazi unayofaa. Safu ya mwisho ilikuwa nyembamba, na juu yake Bwana Misitu aliandika neno moja la Kiingereza: durable. Chini ya neno hilo mimi niliandika ndiyo au hapana.

Nilikuwa na kamusi ndogo iliyochanika jalada. Niliangalia, nikakuta maana yake ni kitu kinachodumu, kisichochakaa upesi hata kikitumika sana. Nikaanza kulifuatilia kama mtu anayefuatilia habari za ukoo wake. Nililiona kwenye kopo la rangi. Nililisikia siku Bwana Misitu aliposifu viatu vyake, na siku alipolaani turubai lililochanika kabla ya masika kwisha. Nikagundua kwamba kitu kinaweza kuwa na nguvu bila kustahili neno hilo: mchu, kwa mfano, ukiwa mbichi unakuvunjia shoka, lakini uache mwaka mmoja uone. Nguvu ni ya siku moja. Neno langu lilikuwa la miaka.

Nilipojaza safu ile niliwauliza wakataji. Mkandaa unadumu? Wakasema, "Unadumu, bwana karani, ukiukata vizuri." Msinzi je? "Unadumu, ukiukata vizuri." Hayo maneno ya kukata vizuri hayakuwa na mahali pa kukaa kwenye safu nyembamba namna ile. Nikaandika ndiyo, ndiyo, nikaendelea.

Siku moja nikalitumia vibaya. Katika taarifa ya mwezi nilitaka kumsifu mnyapara wa wakataji, mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye tope bila kuugua hata homa, nikaandika kwamba ni mtu durable. Bwana Misitu alilikata kwa wino mwekundu. Akanieleza, bila hasira, kwamba neno hilo ni la mbao, nguo, viatu, rangi. Mtu hasemwi hivyo. Nikamjibu ndiyo bwana, na moyoni nikaona Waingereza wana choyo na maneno yao.

Mnyapara huyo alikuwa mtani wangu. Kabila lake na langu ni watani tangu kwa mababu, kwa hiyo aliweza kuninyang'anya kofia mbele za watu nami nisikasirike, na mimi niliweza kumwambia kwamba kichwa chake kinafaa kutegea panya. Katika watu wote wa delta ndiye pekee aliyezungumza nami bila kuangalia utepe. Lakini kila alichoniambia kilikuwa mzaha, nami nilizoea kukipokea kama mzaha. Laiti ningejua kuchagua.

Mke wangu alikuwa Kibiti. Nilimwoa nilipokuwa karani pale, kabla ya kuhamishiwa delta, na kituoni hapakuwa na nafasi ya watu wawili. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Uhamisho ulipokuja alinikalisha barazani kwake akaniambia, "Mkwe, mwanaume anayeishi majini si mume, ni mgeni. Lakini sitaki kuvunja ndoa ya mwanangu. Mjengee nyumba imara, akae kwake. Mimi hupita njia ile kila Ijumaa nikienda msikitini. Siku nitakayoona mwega umeegemea ukuta wako, nitajua nyumba imekushinda, na mwanangu nitamchukua."

Watu wa kwetu mwega wanaujua. Nyumba ikianza kulala upande, unachukua mti, unauegemeza kwa nje kuuzuia ukuta, na kila apitaye anasoma habari zako bila kuuliza. Nikamwambia mkwe wangu kwamba mwega hatauona. Kwani mimi sikuwa na daftari?

Livu yangu, likizo ya kazi, ilikuwa wiki tatu kwa mwaka. Nikapata kibali cha kukata miti yangu mwenyewe, nikamwomba mnyapara anisaidie. Alikubali, lakini tulipofika msituni akaweka shoka chini akacheka.

"Wee mtani, mwezi mkubwa namna hii ndiyo unakata mti? Mti sasa hivi umeshiba maji, mtamu kama muwa. Unawapikia dumuzi watoboa miti biriani."

"Kata," nikasema.

"Ngoja giza la mwezi. Siku kumi na nne tu."

"Siku kumi na nne livu yangu imekwisha."

"Basi kata. Utalala na mkeo mkinyunyiziwa unga kama maandazi."

Wenzake walicheka, nami nikacheka. Nikamwambia kwamba nimeshaangalia daftari, mkandaa unadumu, safu ya mwisho inasema ndiyo.

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Basi na dumuzi wapelekwe shule wakasome."

Nilicheka zaidi. Mimi nilikulia milimani Umatumbi, nyumba zetu zilijengwa kwa miti ya porini na hatukuuliza mwezi. Nilidhani ananitania kama kawaida yake. Angekuwa mtu mwingine, asiye mtani, amenikunjia uso akaniambia nisikate, huenda ningesikia. Tukakata kwa siku tatu. Maji yalikuwa bamvua, mikono ya mto imejaa, miti ikatoka kwa urahisi mpaka Nyamisati, na kutoka pale lori likaifikisha Kibiti.

Nyumba ilisimama kabla livu haijaisha. Majirani walikuja kukandika udongo, wanawake wakiimba, wanaume wakitupiana matope, na mke wangu alizunguka na birika la uji wa tangawizi. Vyumba viwili, ukumbi, baraza ya mbele, makuti mapya. Baba mkwe alipita Ijumaa, akasimama barabarani, akaugonga ukuta kwa fimbo mara moja, akaenda zake kusali. Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Nikarudi delta. Nilimwandikia mke wangu barua kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa hizo ndizo alizozisoma chuo cha Kurani, nikazituma kwa watu wa mashua. Sikuwa na mengi ya kumwandikia. Hapa pana tope, hapa pana mbu, hapa jana nimepima miti, leo nimepima miti. Basi nikamwandikia kuhusu neno langu. Nilimweleza maana yake, nikamwambia kwamba nyumba yake ni ya aina hiyo. Alinijibu kwamba amelisoma kwa sauti na kuku wamekimbia. Nilicheka peke yangu nyuma ya pazia, nikaisoma barua ile mpaka mikunjo yake ikatoboka.

Mwaka uliofuata nilikwenda livu nikakuta ametandaza kanga juu ya kitanda, amezifunga kwenye makombamoyo ya paa kona nne, zimekaa kama dari. Nikamsifu. Nikamwambia pamependeza kama nyumba za matajiri. Alitabasamu. Kila asubuhi nilipoamka nilikuta chumba kimeshafagiliwa na yeye yuko uani. Nilijiona mwenye bahati, mke wangu ni msafi, haamshwi na jogoo bali yeye ndiye anayemwamsha jogoo. Wiki tatu zikaisha. Sikuinua kichwa kuangalia kanga zile kwa juu. Mtu hukagua nguzo za watu elfu, zake mwenyewe hazigusi.

Mwaka wa pili livu ilikuja mapema, Bwana Misitu aliniruhusu mwezi mmoja kabla, na sikuwahi kuandika barua. Nilifika Kibiti saa tatu asubuhi. Mlango ulikuwa wazi, mke wangu amekwenda kisimani. Nikaingia chumbani kuweka mzigo.

Chumba kilikuwa kimejaa miti. Nguzo zilisimama kila mahali, nyingine zimechimbiwa sakafuni, nyingine zimekingamana na ukuta, na kati ya nguzo na nguzo amefunga kanga ili mtu akichungulia kutoka ukumbini aone mapazia tu. Njia ya kufika kitandani ilikuwa ya kupita kiubavu. Nilishika nguzo moja ya ukuta, mkandaa wangu mwenyewe, wenye muhuri wa serikali, na kidole gumba kikazama ndani. Unga ulimwagika kwenye kiatu changu. Niliinua macho kwenye dari ya kanga. Zilikuwa zimejaa, zimening'inia katikati kwa uzito.

Aliporudi na ndoo kichwani alisimama mlangoni. Hakushtuka sana. Aliitua ndoo, akajifuta mikono.

"Umekuja bila taarifa," akasema.

"Haya tangu lini?"

"Unga ulianza mwezi wa nne baada ya kuhamia. Nguzo za ndani nimeanza kuweka mwaka jana, ulipoondoka."

Miti alikuwa akiinunua kwa wauza kuni, inaletwa imefungwa ndani ya mikeka. Mashimo alichimba mwenyewe. Baba yake hakujua kitu, maana baba mwenye adabu haingii chumba cha binti yake aliyeolewa, anaishia barazani. Na barazani kulikuwa safi, na kwa nje hapakuwa na mwega hata mmoja. Karibu mwaka mzima alikuwa ameishika nyumba kwa ndani ili nisiaibike mimi.

Nataka niseme nilichohisi, ingawa hakinipendezi. Sikuhisi huruma. Nilihisi fahari. Nilitembea kiubavu kati ya nguzo nikicheka, nikimpigapiga begani, nikimwambia hakuna mwanamke kama yeye Kibiti nzima.

Akaniuliza, "Umekuja kukaa?"

Nilikuwa na habari njema, niliibeba tangu delta kama zawadi. Nilikuwa nimepandishwa kuwa karani mkuu wa kituo, na nimekubali kukaa miaka mitatu mingine. Nikamwambia. Alikuwa akichota maji ya kunywa, akaendelea kuchota.

"Na nyumba?"

Hapa ndipo penye dhambi yangu, kama mtu akinitafutia dhambi. Giza la mwezi lilikuwa linaingia wiki ileile. Ningeweza kurudi msituni kesho yake, nikate miti mizuri, nijenge upya ndani ya livu yangu. Lakini ningelazimika kusimama mbele ya mtani wangu na wenzake, niseme dumuzi hawakusoma. Nilikiona kicheko chao kabla sijakisikia. Nikasema, "Livu ijayo, inshallah. Nguzo zako hizi zitafika. Wewe vumilia kidogo."

Kisha nikakumbuka neno langu, nikaona hiyo ndiyo siku yake. Nikamwambia, "Lile neno nililokuandikia, wewe ndiye mwenyewe. Mzungu alinikataza kulitumia kwa watu, lakini hakuwa anakujua wewe."

Akauliza, "Wazungu hulisema kwa vitu gani?"

"Kwa miti. Viatu. Turubai. Vitu vya kutumika sana."

"Aa," akasema. Akaenda kupika.

Siku tatu alinihudumia vizuri. Alinipikia pweza wa nazi, akanifulia nguo za delta zilizokuwa na harufu ya tope, akacheka palipostahili kicheko. Sikuona kitu. Ijumaa nilioga, nikavaa kanzu, nikatangulia msikitini mapema, maana karani mkuu hukaa safu ya mbele.

Tulipotoka nilikuwa nyuma ya baba mkwe hatua chache, pamoja na watu wa mtaa. Nikamwona amesimama katikati ya njia. Watu nao wakasimama. Mke wangu alikuwa nje ya nyumba, kanga ameifunga kibwebwe, anaburuta mti mrefu kutoka mlangoni. Niliutambua mti huo, ni ule uliokuwa karibu na mto wangu wa kulalia. Akauinua, akauegemeza kwenye ukuta wa mbele, akausukuma kwa goti mpaka ukakaza. Halafu akarudi ndani akaleta wa pili. Alifanya hivyo mchana, mbele ya msikiti mzima, bila haraka, kama mtu anayeanika nguo.

Baba yake alivua kofia akaivaa tena. "Mwanangu," akasema, "kakutuma mumeo?"

"Hapana, baba. Ni mwega wangu mwenyewe."

Nilimvuta pembeni. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa woga. Nikamwuliza, miaka miwili umeficha, kwa nini leo?

"Miaka miwili nimelala nasikiliza paa," akasema. Hakupandisha sauti. "Kila likilia nasema, akija ataona, akiona atakaa. Umekuja, umeona. Umeniletea neno."

Alikwenda kwa baba yake na sanduku moja, na kanga zile za darini aliziacha na unga wake. Mwezi uliofuata baba mkwe alinitumia mtu, kwa heshima, kuomba talaka. Niliiandika kwa mkono mzuri. Ningeweza kukataa, lakini ningemrudisha aje kushika nini?

Lakini kabla ya hapo, siku mbili baada ya Ijumaa ile, nilikwenda delta, nikavuka mpaka kambi ya wakataji. Nilimwambia mtani wangu kila kitu, hata sehemu ya kidole kuzama kwenye mti, nikasubiri. Mtani hutania hata msibani, ndiyo kazi aliyopewa. Nilitaka anicheke, nilikuwa nimekuja kuchekwa. Yeye alitazama chini, akachukua shoka lake, akaanza kulinoa. Baadaye akasema, "Giza la mwezi keshokutwa. Tutakata."

Alinikatia yeye mwenyewe, akaichagua mti kwa mti, hakuniruhusu kushika shoka. Niliivunja ile nyumba mpaka chini, nikajenga palepale, vyumba viwili na ukumbi, baraza ya mbele. Ukarani mkuu niliuacha mwaka uliofuata, nikarudi Kibiti kuandikia watu barua. Wakati huo aliyekuwa mke wangu alikuwa ameshaolewa Mohoro. Yeye na mumewe walivuka mto pale Ndundu kwa pantoni, mtu aliyewaona ndiye aliyeniambia, na akaniambia pia kwamba alikuwa akicheka na watu wa pantoni. Nilifurahi kusikia hivyo, kisha nikaingia ndani nikafunga mlango.

Kabla ya kuacha kazi nililifungua lile daftari la miti, nikaenda kwenye mstari wa mkandaa. Nilitaka kuongeza maneno yale waliyoniambia wakataji, ukiukata vizuri. Nafasi haikuwepo, nikaandika pembeni, nje ya mstari. Sijui kama kuna aliyeyasoma.

Nyumba ipo mpaka leo. Wenye nyumba za rika lake wamejenga upya mara mbili, mara tatu, wengine wamekufa. Wakipita hugonga ukuta, wakaniuliza nilikata wapi miti hii, nami nawaeleza habari za mwezi na bamvua, wananishukuru. Hakuna mwega ndani wala nje. Chumba kile ni kipana sasa, naweza kutembea nimenyoosha mikono kutoka ukuta mpaka ukuta bila kugusa kitu.

Kila asubuhi, kabla jogoo hajawika, naamka nafagia sakafu ya chumbani. Hakuna unga hata chembe. Nafagia tu.